Mahindi ya plastiki kwa kuvulia kapu: pa kuanzia kwa wanaoanza

Kila mwaka ikifika mwezi wa nne, baridi ikianza kulegea, simu yangu inajaa maswali yaleyale kuhusu mahindi ya plastiki, zile punje feki za kutia kwenye ndoano kama chambo, kutoka kwa Waswahili wenzangu tuliopo huku Uingereza. Hivi kweli samaki anakula plastiki? Natia punje ngapi kwenye ndoano? Mbona mzungu wa pembeni yangu kapata wanne na mimi nimekaa tangu alfajiri na mahindi yaleyale ya njano sijaguswa hata mara moja? Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa voisi noti za dakika sita, kwaiyo nayaweka yote hapa, soma mpaka mwisho alafu ndo uniulize.

Kwanza tuelewane, kapu ninayemsema ni samaki, wazungu wanamwita carp, siyo kapu la sokoni. Ni samaki wa maji baridi, mnene, ana vijindevu pembeni ya mdomo na mdomo wenyewe unachomoza kama bomba anapokula. Watu wa Naivasha wanamjua vizuri, aliingia ziwa lile mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuna kipindi nyavu zilikuwa zinatoa yeye kuliko samaki mwingine. Tofauti ni kwamba kule anavuliwa aliwe, huku anavuliwa, anapigwa picha, anarudishwa majini. Najua inauma. Mimi mtoto wa Tanga, nimezoea samaki akitoka majini anaelekea kikaangoni, mwaka wa kwanza nilikuwa namwangalia mtu wa kilo nane anaogelea zake anaondoka na mimi nimebaki na mikono yenye utelezi tu. Lakini ndo utaratibu wa maziwa ya huku, samaki wana mwenyewe, ukimbeba bila ruhusa ni kosa la jinai kabisa, usijaribu.

Sasa jibu la swali la kwanza. Hapana, hali plastiki. Kapu hana mikono, anachofanya ni kufyonza kila kitu kilichopo mbele yake, anakichambua mdomoni, kinacholika kinaenda nyuma kwenye meno yake ya kooni, kisicholika anakitema. Ni katika hiyo fyonza-tema ndo ndoano inamnasa kwenye mdomo wa chini. Nadharia imeishia hapo.

Kwa nini plastiki wakati kopo la mahindi lipo dukani kwa bei ya chai

Sababu ziko tatu. Ya kwanza, samaki wadogo. Unatupa punje laini ya kweli, dakika kumi vidagaa wameshaidonoa yote na wewe umekaa masaa matatu unalinda ndoano tupu. Ziwa lenye kamba wale wa Kimarekani walioenea kwenye maji mengi ya huku ndo balaa zaidi, wanakata kila kitu. Ya pili, ukirusha mbali mahindi laini yanachomoka hewani. Ya tatu, na hii ndo yenyewe hasa, mahindi ya plastiki yapo yanayoelea, na kitu kinachoelea unaweza kukitumia kupunguza uzito wa ndoano ili chambo chako kinyanyuke kirahisi kapu akifyonza. Punje ya kweli haikupi hiyo.

Ila nisisitize kabla hujaingia dukani kumaliza mshahara: chambo feki hakimwiti samaki. Kinachomwita ni chakula cha kweli ulichomwaga pale chini, plastiki kazi yake ni kujificha katikati ya chakula hicho na kubaki kwenye ndoano mpaka mwenyewe afike. Wengi wanaonilalamikia wamerusha punje mbili za plastiki peke yake katikati ya ziwa kama mtu aliyepanga viti bila kupika pilau, alafu anashangaa wageni hawaji.

Vya kuwa navyo kabla ya kutoka nyumbani

- Leseni ya fimbo. Kwa England na Wales kila mwenye miaka 13 na kuendelea lazima awe nayo, wa miaka 13 hadi 16 wanapewa bure lakini lazima wajisajili. Inanunuliwa kwenye tovuti ya serikali. Leseni siyo ruhusa ya kuingia ziwa la mtu, tiketi ya siku unalipa mbali.
- Fimbo ya kapu na rili yenye breki inayofanya kazi, mshipi wa nailoni unaohimili uzito wa pauni 12 mpaka 15. Fimbo uliyokuja nayo kwa ajili ya changu wa baharini siyo mbaya kihivyo lakini ni ngumu mno, itamchana samaki mdomo.
- Mahindi ya plastiki pakiti mbili, moja ya yanayoelea na moja ya yanayozama. Mbili! Watu wananunua moja.
- Ndoano namba 8 na namba 10. Kumbuka namba ikiwa kubwa ndoano inakuwa ndogo, usije ukaenda kununua 20 ukidhani umepata ya papa.
- Uzi wa ndoano wa kusokotwa, wa kuhimili pauni 15 hadi 20, swiveli ndogo (kile kiungo kinachozunguka cha kuungia uzi na mshipi), sindano ya chambo, na vile vizuizi vidogo vya plastiki vya kuzuia punje zisichomoke.
- Chubwi za gramu 60 mpaka 85 na klipu zake. Za risasi zenye uzito chini ya gramu 28 zimepigwa marufuku tangu 1987 kwa sababu ndege wa majini walikuwa wanameza wanakufa, kwaiyo ukitaka nyepesi nunua za madini mengine.
- Pati ya uzito, ule udongo mzito unaofinyangika kama ubani wa kutafuna.
- Wavu wa kupokelea wenye upana wa inchi 42 na mkeka wa samaki. Mkeka siyo ule wa kukalia, ni kigodoro cha kumlazia samaki asijeruhiwe na changarawe. Maziwa mengi hawakuruhusu kuingia bila hivi viwili na wana haki.
- Ndoo, mkasi, taulo, alamu ya kukulilia samaki akivuta mshipi kama unayo. Kama huna, kaa karibu na fimbo yako.
- Mahindi ya kweli. Kopo mbili zinatosha siku ya kwanza.

Ukitaka kubana matumizi nunua mahindi makavu ya chakula cha njiwa, lakini uyaloweke siku nzima alafu uyachemshe nusu saa au zaidi mpaka yalainike, yaani pika kama unapika makande ila usitie maharage wala chumvi. Mahindi makavu yasiyopikwa yanavimba tumboni mwa samaki na yanaweza kumuua, hili siyo la mzaha.

Hatua ya 1: Soma ubao wa sheria

Kabla hujafungua begi. Kuna maziwa yamekataza chambo cha plastiki kabisa, wanaogopa kikikatika kitabaki tumboni mwa samaki. Kuna yanayotaka ndoano zisizo na kijino, kuna yanayokataza uzi wa kusokotwa. Mimi niliwahi kuendesha saa moja na nusu mpaka ziwa fulani, nikapanga kila kitu, nikamwaga na chakula, ndo mlinzi anapita ananionyesha ubao nyuma ya gari langu mwenyewe. Nilikuwa nimeegesha mbele yake.

Hatua ya 2: Pima punje zako kwenye kikombe

Ukifika nyumbani na pakiti, jaza kikombe maji, tupia punje moja kutoka kila pakiti. Zinazoelea weka kiboksi kimoja, zinazozama kingine, andika juu. Inaonekana kazi ya kitoto lakini zote ni njano na zote zinafanana, ukizichanganya ziwani gizani saa kumi na moja alfajiri hutajua ipi ni ipi. Na usichanganye plastiki laini za aina tofauti kwenye boksi moja, nyingine zinayeyushana zinakuwa donge linalonata.

Hatua ya 3: Funga rigi ya unywele

Rigi ni ule mpangilio mzima wa ndoano, uzi na chambo. Usipitishe ndoano katikati ya punje. Narudia, USIPITISHE. Chambo kinakaa pembeni ya ndoano kwenye kiuzi kidogo, ndoano yenyewe inabaki uchi. Mtindo huu uliletwa na Waingereza wawili, Lenny Middleton na Kevin Maddocks, ukaanza kujulikana mwanzoni mwa miaka ya 1980, na unaitwa unywele kwa sababu walipoanza majaribio walifungia chambo kwa unywele wa binadamu kweli. Siku hizi tunatumia uzi uleule wa ndoano.

Unafanya hivi:

Kata uzi kama sentimita 30. Mwisho mmoja funga kitanzi kidogo sana, kichwa cha kiberiti kipite tu. Chukua sindano ya chambo, ipitishe kwenye punje inayoelea kwanza alafu inayozama, nasa kitanzi kwenye kijino cha sindano, vuta punje ziingie kwenye uzi, weka kizuizi kwenye kitanzi ili zisichomoke. Ukimaliza, punje inayoelea iwe upande wa ndoano? Hapana, iwe juu, mwishoni karibu na kizuizi, ile nzito ndo ikae karibu na ndoano. Kama umezigeuza toa anza upya, mimi mpaka leo nageuza.

Sasa ndoano. Pitisha ule mwisho mwingine wa uzi kwenye tundu la ndoano kutokea nyuma, yaani upande usioangaliana na ncha. Vuta mpaka punje zibaki umbali wa kama nusu sentimita hivi kutoka kwenye mkunjo wa ndoano. Shikilia hapo kwa kidole gumba, usiachie. Zungusha uzi kwenye shina la ndoano kuelekea chini mara saba au nane, mizunguko ilale pamoja bila kupandana. Rudisha mwisho wa uzi kwenye tundu, tena kutokea nyuma uleule. Lowesha kwa mate, kaza polepole. Mwisho wa uzi funga swiveli, urefu uliobaki uwe kati ya sentimita 15 na 18.

Hapo kwenye kupitisha kutokea nyuma ndo watu wengi wanakosea, wanapitisha kutokea mbele. Rigi inaonekana sawa tu kwa macho lakini ndoano haigeuki ikivutwa. Kipimo chake rahisi: laza ndoano kwenye kiganja, vuta uzi polepole kuelekea kwenye vidole, ncha inatakiwa igeuke ianze kukukwaruza ngozi. Ikiteleza bila kushika, kata ufunge nyingine. Funga tano au sita nyumbani ukiwa na taa na chai, usitegemee kufunga ziwani na vidole vimekufa ganzi.

Hatua ya 4: Sawazisha uzito

Hii hatua wengi wanairuka, na ndo jibu la lile swali la mzungu wa pembeni kupata wanne. Jaza ndoo maji ya ziwa, shusha rigi yako nzima pamoja na ndoano. Unachotaka kuona ni hiki: ndoano inashuka taratibu, inatua chini, punje zinasimama juu yake kama mtu aliyekaa wima. Ukiigusa kwa kidole iyumbe kirahisi.

Ikizama kama jiwe, ondoa ile punje inayozama weka mbili zinazoelea. Ikielea mpaka juu au ikining'inia katikati ya ndoo, bandika kipande cha pati ukubwa wa punje ya mchele kwenye uzi, karibu na tundu la ndoano, ongeza kidogokidogo mpaka ishuke. Ndoano nene na ndoano nyembamba za namba ileile hazina uzito sawa, kwaiyo ukibadilisha ndoano unapima tena. Ndio, kila mara. Kapu mzoefu ameshafyonza na kutema mahindi maelfu, anajua punje inavyoingia mdomoni, ikija nzito anaiacha palepale na alamu yako hailii hata kidogo, wewe unasema ziwa halina samaki.

Hatua ya 5: Harufu, kidogo tu

Plastiki mpya inanuka kiwanda. Ioshe kwa maji ya moto bila sabuni, alafu itumbukize kwenye kichupa chenye juisi ya lile kopo la mahindi, kaa nayo usiku mzima kwenye friji. Inatosha. Vichupa vya manukato vinauzwa, stroberi, mananasi, nini sijui, vingine vizuri tu lakini mtu anayeanza hana haja navyo, na ukizidisha unafukuza. Kikubwa zaidi ni mikono yako: ukitoka kujaza mafuta ya gari au umejipaka dawa ya mbu, nawa na usugue na udongo wa pale ufukweni kabla hujagusa chambo.

Hatua ya 6: Tafuta samaki kabla hujatafuta pa kuweka kiti

Zunguka ziwa bila fimbo. Nusu saa. Angalia anayeruka, angalia mapovu madogomadogo yanayopanda kwa makundi, angalia maji yaliyochafuka wakati pembeni yake ni masafi, kapu akifukua tope chini ndo anafanya hivyo. Kona ambayo upepo wa joto unapulizia huwa nzuri. Chini ya miti iliyoinama, pembeni ya majani ya maji, na jamani pembeni kabisa ya miguu yako, mita mbili tatu kutoka ukingoni. Watu wanarusha mita themanini katikati wakati samaki yupo wanapokojoa.

Ukishapachagua tupa chubwi tupu bila ndoano, shika mshipi kwa kidole inaposhuka. Ikitua kwa mshtuko, pale chini pagumu, pazuri. Ikitua kimya kama imeangukia godoro ni tope, punje zako zitazama zisionekane, sogea. Ukivuta ikaja na nywele za majani, sogea pia.

Hatua ya 7: Mwaga chakula

Kiangazi maji yakiwa na joto, viganja vitatu vinne vya mahindi ya kweli pale ulipopachagua, kwa mkono kama ni karibu, kwa manati kama ni mbali. Manati kweli, zinauzwa za chambo, wale tuliokua tunapiga ndege na embe za watu hii sehemu hatuhitaji somo. Baridi au maji ya miezi ya mwanzo wa mwaka, punje ishirini thelathini tu, samaki hana njaa na ukimshibisha umemaliza siku yako.

Kuna pia mifuko ya PVA, ile inayoyeyuka majini. Unatia peleti kavu, vile vidonge vya chakula cha samaki, unachoma ndoano kwenye kona ya mfuko, unarusha vyote pamoja, inatua chini, mfuko unayeyuka, chakula kinabaki kimezunguka chambo chako vizuri. Ila mikono yenye maji ukiugusa tu umekwisha, nimeharibu mingi hivyo mvua ikinyesha.

Na tafadhali, USIMWAGE PLASTIKI. Nimeona kwa macho yangu kijana anarusha kiganja kizima cha mahindi feki majini kama chakula, anasema ili samaki azoee. Plastiki inakaa kwenye ndoano tu, nyingine zote ziko kwenye boksi na jioni unarudi nazo nyumbani.

Hatua ya 8: Rusha, weka, kaa

Chubwi iwe kwenye klipu ambayo mshipi ukikatika itachomoka yenyewe, samaki asizunguke ziwani anakokota gramu 80 mpaka afe. Usiisukumie ile mpira ya klipu ikabana mno, hilo ndo kosa la kawaida. Rusha mara moja, ukitua vizuri acha. Kila ukivuta na kurusha upya unawafukuza. Uzuri wa plastiki ndo huo, huna sababu ya kuvuta kila nusu saa kuangalia kama chambo bado kipo. Kipo.

Legeza breki ya rili kiasi kwamba ukivuta mshipi kwa mkono unatoka bila kugoma. Kapu akinasa anakimbia, breki ikiwa imekazwa fimbo inaenda majini. Siyo hadithi, muulize yeyote.

Hatua ya 9: Akinasa

Usipige fimbo juu kama unavuta changu kutoka kwenye mwamba. Ameshajinasa mwenyewe kwa uzito wa chubwi, wewe nyanyua fimbo taratibu, acha akimbie, akichoka vuta, akikimbia tena mwache. Wavu uwe tayari majini, mlete samaki juu ya wavu, usimkimbize samaki na wavu.

Mkeka umelowa maji kabla hajafika, mikono imelowa pia. Toa ndoano, picha moja ukiwa umepiga magoti, usisimame naye, akianguka kutoka kifuani kwako amekufa. Alafu mshushe majini ndani ya wavu, mshikilie mpaka aondoke mwenyewe.

Biskuti za kuelea

Kuna siku za joto kali utawaona wamelala juujuu migongo nje, hapo mahindi ya chini yasahau. Nunua biskuti za mbwa zinazoelea na biskuti feki moja ya plastiki inayofanana nazo. Tupia za kweli kidogokidogo, dakika kumi na tano, ishirini, USIRUSHE ndoano bado mpaka uwaone wanagombania bila woga. Ndo urushe feki yako na boya la kurushia, ivuke pale walipo alafu uivute polepole irudi katikati yao. Biskuti ya kweli ikilowa inavunjika kwenye ndoano, feki unavulia siku nzima. Angalia bata na batabukini, wakija acha kwanza, kumtoa bata ndoano ni aibu na ni maumivu kwa pande zote mbili. Kuna na vipande vya sponji vya kuvulia katikati ya maji, lakini hiyo subiri mpaka haya uyaweze.

Ikigoma

*Masaa manne, kimya kabisa.* Swali la kwanza, umeona dalili yoyote ya samaki hapo? Kama hapana, hama. Usibadilishe rangi ya mahindi, hama wewe. Watu wana rangi sita za plastiki, pinki, nyeupe, chungwa, na kiti kimeota mizizi.

*Alamu inalia mlio mmojammoja alafu inanyamaza.* Wadogo wanadonoa, au kapu anagusa mshipi akipita. Kama ni wadogo waache, plastiki haiishi. Kama ni mshipi, legeza kidogo ulale chini, na ujue samaki yupo karibu yako kuliko ulikorusha.

*Ananasa anachomoka nusu ya safari.* Gusisha ncha ya ndoano kwenye ukucha, ikiteleza ni butu, tupa. Kama ni kali, rudi hatua ya 3 upime kama inageuka, alafu angalia unywele wako, ukiwa mfupi mno punje zinaziba ncha.

*Uzi unakuja umejisokota kwenye chubwi.* Zuia mshipi kwa kidole sekunde moja kabla chubwi haijagusa maji, rigi inanyooka mbele. Au weka kipande cha povu la PVA kwenye ndoano.

*Punje zinapotea hewani.* Kizuizi kimekaa vibaya. Kizamishe ndani kabisa ya tundu la punje.

*Napata samaki wengine tu, wale bapa wenye ute.* Hao ni brimu, wanapenda mahindi kuliko wewe. Punguza chakula, weka punje tatu badala ya mbili, au toa mahindi yote uweke ndago feki, vile viazi vidogo vya mizizi ya ndago ambavyo wazungu wanavulia na sisi shambani tunaving'oa kama magugu. Za kweli maziwa mengi yamezikataza au wanakuuzia zao zilizopikwa, feki huwa hawana shida nayo ila uliza.

*Naweza kuitumia Naivasha au bwawa la Masinga kule Kenya?* Utaalamu ni uleule, kapu ni kapu. Lakini kule anayevua apate kitoweo ugali uliofinyangwa vizuri unamtosha na hauagizwi kutoka nje ya nchi. Kama unavua kwa mchezo na vidagaa wanakusumbua, jaribu plastiki, mwaga mahindi yaliyochemshwa, alafu vua mchana na uwe na mtu wa kuangalia nyuma na mbele, Naivasha viboko hawapigi hodi.

*Baridi ya mwezi wa kwanza je?* Punje moja tu inayoelea, ndoano namba 10, chakula kiganja nusu, na uende saa sita mchana mpaka saa tisa badala ya alfajiri. Maji yakiwa chini ya nyuzi nane hivi anasogea kidogo sana, unamtafuta yeye alipolala, unamwekea mbele ya pua. Na mkeka ukirudi nao nyumbani uanike ukauke kabisa kabla ya kwenda ziwa jingine, magonjwa ya samaki yanasafiri kwenye mikeka na nyavu zilizolowa, kuna maziwa watakuuliza getini na wakiushika una maji wanakurudisha.